Swali la lugha: Kidole kimoja, risasi ngapi?

"Mwalimu, jambo sana. Mimi nasoma habari kwenye redio moja ya mtaa hapa Goma. Habari zinatufikia kwa Kifaransa saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili kamili niko hewani kwa Kiswahili, kwa hiyo natafsiri mbio mbio. Wiki jana niliandika 'bunduki ya otomatiki' pale Kifaransa kiliposema 'nusu otomatiki', halafu revolveri nikaiita 'bastola' tu. Mzee mmoja, mlinzi wa zamani wa mbuga ya Virunga, akapiga simu: 'Binti yangu, unatutisha kwa silaha ambazo hazikuwapo.' Nikafungua kamusi, nikakuta bunduki, bastola, bombomu, basi. Je, Kiswahili hakina majina ya aina za bunduki? Na jingine: mwenzangu wa Dar es Salaam hunicheka nikisema 'masasi'. Nakosea?"

Dada yangu, nianze na masasi, maana jibu lake ni fupi na nina hamu ya kulitoa. Risasi ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo mpaka leo yamo ndani ya betri ya gari. Pwani walilipokea zima, wakaliacha bila wingi: risasi moja, risasi kumi. Lilipopanda bara likakutana na masikio yaliyozoea ri- au li- iwe kiambishi cha umoja, chenye ma- kwenye wingi. Ndiyo maana Kilingala kina lisasi na masasi, Kinyarwanda kina isasu na amasasu, na sisi hapa Goma tuna masasi. Mwenzako akicheka, muulize vitabu amevitoa wapi. Kwa Kiarabu ki ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, haina uhusiano wowote na ki ya kiti, lakini wazee wake wa pwani waliisikia kama ki ya kiti, wakazaa vitabu. Kosa lao ni kosa letu, ila lao liliingia kamusini mapema. Kwenye taarifa yako andika risasi, kwa sababu unasikika mbali kuliko Goma. Shahidi akisema masasi, muache na masasi yake.

Palipo na kosa la kweli ni pengine, na hilo hata magazeti ya Dar hulifanya. Utasikia, "risasi kumi na tano ziliokotwa mahali pa tukio." Kinachookotwa mara nyingi ni maganda. Risasi ambayo haijapigwa ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, baruti ndani yake, fataki ndogo kwenye kitako chake, na juu kabisa kile kichwa kinachoruka, ambacho ndicho risasi hasa. Kidole kikivuta, fataki hugongwa, baruti hushika moto, kichwa huenda zake, ganda hubaki tupu. Daktari hutoa risasi mwilini. Mpelelezi huokota maganda chini. Ukiwapa wote wawili neno moja, msikilizaji hawezi kujua kama bunduki ilipigwa au kama mtu alidondosha mfuko wake.

Sasa swali kubwa. Kamusi haikukuficha kitu. Ulitafuta nomino, na Kiswahili kwenye mambo ya bunduki kimejenga zaidi kwa vitenzi. Kila aina ya bunduki inajulikana kwa kile mkono unachofanya kabla ya risasi kutoka. Uliza mkono unafanya nini, jina litakuja lenyewe.

Chukua gobori. Hiyo hushindiliwa: baruti humwagwa kwa mdomo wa mtutu, kitambaa hufuata, kisha gololi au marisau, yaani vigololi vidogo vidogo vya risasi, na vyote husukumwa chini kwa mdeki, ile fimbo ndefu iliyolala chini ya mtutu. Kushindilia, neno hilohilo la mtu anayejaza gunia la makaa mpaka lisiwe na nafasi. Gobori la zamani zaidi liliitwa gumegume, kwa jina la jiwe gumu la kutoa cheche. Nyundo ilibana kijiwe, kijiwe kikakwaruza chuma, cheche zikaangukia baruti. Mvua ikinyesha, kimya. Kuna mahali mume asiye na faida bado huitwa mume gumegume, na mimi hupenda kuamini kwamba mwanamke wa kwanza kusema hivyo alikuwa amewahi kuona bunduki ikikwaruza, ikakwaruza, na isilie. Baadaye ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa, na gumegume likastaafu. Bunduki za namna hii ndizo zilizoingia huku na misafara ya pembe. Hata jina la Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Manyema, huku mashariki mwa Kongo, husimuliwa kwamba ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokuwa wakikimbia.

Baada ya hapo risasi ikahamia nyuma. Bunduki ya kuwindia, ambayo hapa kila mtu huiita kalibre 12, huvunjwa katikati kama mtu anavyovunja muwa bila kuutenganisha. Unaingiza risasi moja au mbili, unaifunga. Iite bunduki ya kuvunja, mwindaji atakuelewa. Ila jihadhari na hiyo 12. Nimesoma tafsiri iliyoandika "milimita 12", na hilo si kweli. Hesabu hiyo ni ya Waingereza wa zamani: ukitengeneza gololi za yale madini ya risasi zinazoenea sawasawa kwenye mtutu, 12 kati yake zitafika ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Tundu lenyewe lina milimita 18 na nusu. Na kwa kuwa ni hesabu ya gololi, namba ikipanda tundu linapungua: 20 ni nyembamba kuliko 12.

Bunduki ya komeo haina shida. Komeo ni lile la mlango. Unaliinua, unalivuta nyuma, ganda linaruka, unalisukuma mbele, unalilaza. Mauser ni ya komeo, na kiwanda cha FN cha Herstal kule Ubelgiji kilianzishwa mwaka 1889 ili kuitengenezea jeshi la Wabelgiji. Bunduki ya pampu ni ile ambayo mkono wa mbele huvuta na kusukuma chini ya mtutu, kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Zote mbili hupiga risasi moja, kisha husubiri mkono. Hakuna otomatiki yoyote hapo.

Revolveri na bastola ya kawaida: mzee wako ana haki. Bastola ni jina la ukoo, silaha fupi inayoshikwa kwa mkono mmoja. Revolveri ni mtoto mmoja wa ukoo huo, yule mwenye silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye matundu sita. Samuel Colt alipata hataza ya revolveri yake Marekani mwaka 1836. Kapteni Bodson, askari Mbelgiji, alipompiga Msiri, mfalme wa Bunkeya kule Katanga, tarehe 20 Desemba 1891, mkononi alikuwa na revolveri. Bastola ya kujipakia, ile inayojiingizia risasi yenyewe kutoka kwenye magazini, yaani chombo cha kuwekea risasi, ilikuwa bado haijaingia sokoni. Mimi husema bastola ya silinda na bastola ya magazini. Tofauti hii ina faida hata kwa habari zako: bastola ya magazini hutupa maganda chini, ya silinda hubaki nayo tumboni mpaka mtu ayatoe. Kwa hiyo ukisoma kwamba revolveri ilipigwa mara nne na "maganda manne yametapakaa barabarani", rudi kwenye Kifaransa uangalie vizuri.

Tumefika kwenye simu ya yule mzee. Bunduki inayojipakia hutumia nguvu ya risasi iliyotangulia kutupa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Mkono umepumzishwa, kimebaki kidole tu. Basi uliza kidole: kikivuta mara moja na kubaki pale pale, zinatoka ngapi? Ikitoka moja, na ya pili ikataka kidole kiachie na kivute tena, hiyo ndiyo nusu otomatiki. Zikitoka mfululizo mpaka kidole kiachie au risasi ziishe, hiyo ni otomatiki. Neno nusu hudanganya, maana msikilizaji hudhani ni silaha isiyokamilika. Hewani ningesema "bunduki ya kujipakia, ya kupiga moja moja". Ni ndefu, najua. Lakini "piga moja moja" mtu wa mtaa wa Birere hapa Goma anaielewa bila mwalimu.

Kwa ile ya mfululizo tuna utajiri, na hapa niruhusu nikae kidogo. Kamusi ilikupa bombomu, ambalo ni zuri lakini mdomoni mwa kijana wa leo limezeeka. Kuna rashasha, kutoka Kiarabu, mzizi wa kunyunyiza. Ndugu yake ni rasharasha, ile mvua ya manyunyu. Na hapa Goma watu husema rafale, neno la Kifaransa ambalo kabla ya kuingia jeshini lilikuwa upepo unaovuma ghafla kwa nguvu. Kwa hiyo kitu kimoja, pwani kimekuwa mvua na kwetu kimekuwa upepo. Siwezi kukukataza rafale. Mama anayelala chini ya kitanda na watoto wake anajua rafale ni nini kabla hujamaliza kuitamka. Ninachokukataza ni "kummiminia risasi". Waandishi hulipenda mno. Kumimina ni kitu kinachotiririka; mtu aliyepigwa risasi mbili na bunduki ya komeo hakumiminiwa chochote.

Halafu usiamue kwa jina la bunduki. Kalashi, ambayo Mikhail Kalashnikov aliibuni na kuipa mwaka wake, 1947, ina kitufe kirefu ubavuni upande wa kulia. Kikiwa juu, imefungwa. Kikishuka hatua ya kwanza, ni mfululizo. Kikishuka hadi chini, ni moja moja. Chuma ni kilekile, jioni ni ileile, na tafsiri ni mbili. Kwa mfululizo mwendo wake ni kama risasi 600 kwa dakika, maana yake zile 30 za magazini huisha kwa sekunde tatu. Ukisikia shahidi anasema "walipiga dakika kumi bila kupumua", anasema kweli kuhusu hofu yake. Kuhusu bunduki, kulikuwa na watu wengi au na mapumziko mengi.

Nimetaja magazini, na najua utaniuliza. Hapa kwetu hicho chombo huitwa sharjeri, sawasawa na sharjeri ya simu, kwa kuwa Kifaransa kimevipa vyote jina moja. Mwanafunzi wangu aliwahi kuandika katika insha kwamba askari "alibeba sharjeri tatu", na darasa zima likashangaa huyo askari ana simu ngapi. Magazini nalo, kwa masikio ya Goma, linaweza kuwa duka. Mizizi yake ni ya Kiarabu, maghala ya kuwekea mali, na hazina yetu imetoka humo humo. Mara ya kwanza sema "magazini ya bunduki". Baada ya hapo magazini peke yake inatosha.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini nalibeba miaka mingi. Nilikuwa mkalimani kwenye kesi, mahali nisipopataja. Shahidi akasema, "Alimlenga, lakini bunduki ilikataa." Nilikuwa nimechoka, nikasikia nusu, nikatafsiri kwamba mtu yule alikataa kupiga. Kwetu gari hukataa, mashine ya kusaga hukataa, na bunduki hukataa. Mtu alivuta kidole na chuma kikagoma. Nilikuwa nimemgeuza mtu aliyejaribu kuua kuwa mtu aliyejizuia. Mwanasheria mmoja anayejua Kiswahili alinisahihisha pale pale, na bado naona aibu. Siku hizi nauliza zaidi: ilikataaje? Ikiwa nyundo iligonga na kimya kikafuata, fataki haikushika. Ikiwa ya kwanza ilitoka na ya pili haikuja, huenda ganda limekwama. Ya kwanza ni risasi mbovu, ya pili ni bunduki iliyoziba.

Habari yako ya wiki jana, basi, kwa namna uliyonieleza, ningeisoma hivi: "Watu wawili, mmoja akiwa na bastola ya silinda na mwingine na bunduki ya kujipakia ya kupiga moja moja, walifyatua risasi hewani na kukimbia. Polisi wameokota maganda matano." Niliipima kwa saa nikisoma kwa sauti: imezidi ya kwako kwa sekunde tatu.