Kipozeo cha maji au cha feni kwa prosesa ya kompyuta ya Ryzen 7 5800X, chumba hakina AC

Mkuu, umeuliza uchukue kipozeo cha maji chenye rejeta ya milimita 240 au cha feni, mashine ipo Dar, chumba hakina AC, na ukirenda video (kompyuta ikitengeneza faili la mwisho la video) prosesa inagonga nyuzi 90. Mimi nahariri video za harusi Temeke na nimetumia vyote viwili kwenye joto hilohilo. Chukua cha feni, na hela itakayobaki imalizie kwenye feni za kesi, yaani boksi la kompyuta.

Tuanze na prosesa yenyewe. 5800X inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye kipande kimoja cha silikoni cha milimita za mraba kama 80, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Joto linakwama hapo, kabla hata halijafika kwenye kipozeo. Ndiyo maana kuna watu wamefunga rejeta kubwa kabisa na bado wanasoma nyuzi 80 na kitu. AMD, watengenezaji wake, wameipa prosesa hii kikomo cha nyuzi 90. Ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe, haiungui. Kwa hiyo usiwe na hofu ya kuiua, shida yako ni kasi na kelele.

Halafu maji hayafuti joto. Yanalibeba kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na feni zinalimwaga chumbani kwako. Januari chumba kikiwa na nyuzi 32, hakuna kipozeo cha aina yoyote kati ya hivi kitakachoishusha prosesa chini ya hapo. Faida ya maji ni kwamba yanachelewa kupata moto, kwa hiyo kazi ya dakika chache inapita vizuri. Ukirenda saa nzima, yakishapata moto, kwa prosesa yako tofauti inabaki nyuzi chache tu.

Na kile cha feni nacho kina maji kidogo ndani! Zile bomba za shaba zimezibwa pande zote: upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda kwenye mapezi ya alumini, unapoa, unarudi kuwa maji. Hakuna pampu wala mpira wa kupitisha maji. Kinachozunguka ni feni peke yake, na hapo ndipo uamuzi wangu ulipo.

Pampu ya kipozeo changu cha maji ilianza kukwaruza asubuhi, mashine ikiwa ya baridi. Baadaye mlio ukawa wa siku nzima. Mwishowe siku moja nikawasha mashine, joto likapanda kutoka 40 hadi 90 kabla Windows haijamaliza kufunguka. Nikashika mipira: mmoja wa moto, mwingine wa baridi. Maji hayatembei. Halikuvuja hata tone. Wengi wanaogopa kuvuja, lakini mara nyingi vitu hivi vinakufa kwa pampu kuchoka, uchafu kuziba vinjia vya ndani, na maji kupungua taratibu kupitia kwenye mipira. Na pampu haiuzwi peke yake, unatupa kitu kizima. Feni ya milimita 120 ikifa, Kariakoo unapata nyingine siku hiyohiyo, na mapezi yanakupa muda wa kusevu kazi na kuzima.

Vumbi nalo. Mapezi ya rejeta yamebanana. Vumbi letu likikutana na unyevu wa pwani linaganda kati ya feni na rejeta, na hulioni mpaka ufungue skrubu zote. Kwenye kipozeo cha feni, ambacho mapezi yake yamesimama kama mnara, unapitisha brashi na blowa, umemaliza. Shika feni isizunguke unapopuliza.

Maji ningeyachukua kwa prosesa kama Core i9-14900K, ambayo inafika wati 253, au kwa mashine inayosafiri. Kipozeo kikubwa cha feni kama Noctua NH-D15 kina zaidi ya kilo moja na kinaning'inia kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ukipakia mashine kwenye basi la Mwanza bila kukivua unajitafutia hasara. Ukiamua maji, rejeta ifungwe ndani ya kesi, upande wa juu, ili mapovu ya hewa yakusanyike huko, yasiingie kwenye pampu.

Wewe tafuta kipozeo cha feni cha Thermalright Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, bomba sita, feni mbili. Lakini kabla hujatoa hela, leo hii ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), washa Eco Mode ya wati 65, hali ya kubana umeme. Wati 65 ni jina tu la hali hiyo, prosesa itaishia kuvuta wati 88, kurenda kutachelewa kidogo, joto litashuka sana. Kisha angalia mbele ya kesi. Kama ni kioo kitupu kisicho na matundu, kipozeo chochote utakachofunga kitazungusha hewa moto ileile. Weka feni mbili mbele za kuvuta ndani, moja nyuma ya kutoa.

Kipozeo hicho cha Thermalright kina urefu wa milimita 155, kwa hiyo pima nafasi kutoka juu ya prosesa hadi ubavu wa kesi. Au nitajie jina la kesi nikuangalizie.