Apatimenti ya vioo inayotazama magharibi: mkuu usilipe hiyo miezi sita kwanza

Mkuu usilipe. Nimesoma swali lako la kama uipange hiyo apatimenti, presha ikapanda hapohapo. Ghorofa ya nane Kinondoni, sebule na masta (chumba kikubwa cha kulala) vyote vioo chini mpaka juu, "jioni unaliona jua linavyozama", na dalali anataka kodi ya miezi sita leoleo eti kuna mtu mwingine anaitolea macho. Huyo mtu mwingine hayupo, hata mimi niliambiwa yupo.

Hilo jua linalozama ndio kodi yako ya pili. Nililipia mwaka mzima nyumba ya hivyohivyo. Dalali alinipeleka saa tatu asubuhi, nyumba imepoa, hakuna hata feni, nikajisemea aisee huku juu kuna hewa. Hewa gani, asubuhi jua lilikuwa upande wa pili linawachoma majirani! Kuanzia saa nane mchana likahamia kwangu na halikutoka mpaka adhana ya magharibi. Mishumaa ya besdei ya mwanangu niliiacha dirishani, narudi jioni naikuta imeinama kama inarukuu. Saa nne usiku ukiweka kiganja ukutani bado kuna moto, maana tofali na zege vinalinyonya joto mchana kutwa alafu vinakutemea wewe ukiwa ndio unatafuta usingizi.

Nikanunua mapazia mazito, yale ya gharama. Wapi! Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia ndani, pazia lenyewe linapata moto linaanza kukuchoma na wewe. Kinga inatakiwa iwe nje ya kioo, na mwenye nyumba hataki kusikia uning'inize kitu nje, anasema unaharibu muonekano wa jengo. Ningefungua madirisha? Ni yale ya aluminiamu ya kusukuma, nusu ndio inafunguka nusu imeziba, na mlango unatokea kwenye korido ya ndani isiyo na tundu, sasa upepo uingie ili utokee wapi.

Basi nikamwita fundi AC, huyu naye Mungu anamuona. Hakuuliza dirisha linatazama wapi, hakuuliza chochote, "bosi funga mbili, moja masta moja sebuleni." Piga hesabu mwenyewe: AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikivuta kilowati 1 hivi kwa saa 8 ni uniti 8 kwa siku, na uniti ya nyumbani kwenye tarifu ya kawaida ukijumlisha na kodi za serikali inakaribia shilingi 356, hiyo ni zaidi ya elfu 85 kwa mwezi kwa AC moja, na yangu haikuwa inapumzika kwa sababu kila inachotoa jua linarudisha. Februari kaskazi inapuliza jasho tupu, umeme wa LUKU nilikuwa nanunua kama vocha. AC ya inverter uliyouliza, ile inayopunguza mwendo yenyewe nyumba ikishapoa, inasaidia kweli, ila hata inverter ikipambana na ukuta wa vioo kuanzia saa nane haipati nafasi ya kupunguza mwendo, kwa hiyo ile akiba uliyoahidiwa dukani usiitegemee sana.

Mtu asikudanganye kwamba Dar ni joto kote basi ni sawa tu. Huku kwetu jua la saa sita linakaa karibu na utosi mwaka mzima, dirisha la kaskazini au kusini ukiliwekea kibaraza cha maana juu yake, kinachochomoza kama kofia, umelifunika sehemu kubwa ya siku. Jua la saa kumi linakuja limelala, linapita chini ya kibaraza linakufuata mpaka kwenye kochi. Wazee walilijua hili, nenda kaone zile flati za zamani za Upanga, balkoni zimeingia ndani, matofali ya matundu kwenye ngazi, na hata soko la Kariakoo alilochora msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 70 lile paa la miamvuli ya zege linatia kivuli na hewa inapita. Hawa wa siku hizi wanachora jengo kama liko Ulaya alafu bili unaletewa wewe.

Sasa sikiliza, nenda kaione SAA KUMI JIONI, siku ya jua kali, AC imezimwa, kaa masta nusu saa, shika kioo, shika ukuta. Ukimpata jirani wa upande huohuo muulize LUKU anatia shilingi ngapi kwa mwezi, usimuulize wa upande wa mashariki atakwambia maisha ni matamu. Mambo ya service charge na gesi ya bomba uliyouliza wadau wengine watakujibu, na ile nyumba ya pili uliyosema ya Mwenge sijui inatazama wapi hukuandika.

Na ukifika ukakuta dalali ametangulia kuwasha AC "ili upumzike bosi", zima mwenyewe ndio uanze kuhesabu nusu saa. Akisema ufunguo unapatikana asubuhi tu, mkuu, hapo ameshakujibu.