"Kipindi cha redio gani, mwalimu?"

SWALI: Nafundisha twisheni ya hesabu kwa vijana wa kidato cha nne hapa Kasarani, na Kiingereza kikiwatatiza huwafafanulia kwa Kiswahili. Juzi nilisema "kipindi" (period) cha sin x, ambayo grafu yake ni wimbi, ni nyuzi 360, wakaangua kicheko: "Kipindi cha redio gani, mwalimu?" Je, nilikosea? Na amplitudi (amplitude) na fezi shifti (phase shift) niziiteje?

JIBU: Hukukosea, mwalimu. Kipindi ni kipande chenye mwanzo na mwisho. Ndiyo maana redio inavyo na ratiba ya shule inavyo. Wakizidi kucheka, waambie "duru moja": wimbi linapanda, linashuka, linarudi lilipoanzia. Watu wa Pwani wanaiona bila grafu, maana maji hujaa, hupwa, kisha hujaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi.

Amplitudi ndiyo yenye mtego. Wengi husema "kimo cha wimbi". Lakini kimo cha mtu hupimwa kutoka unyayo hadi utosi, na mwanafunzi akilipima wimbi hivyo, kutoka bondeni hadi kileleni, atapata jibu mara mbili ya linalotakiwa. "Upeo" nao unaponza: y = 3 sin x + 1 ina upeo wa 4, ilhali amplitudi yake ni 3. Mimi ningelivisha neno la kigeni kanzu, liwe "amplitudo", kisha nifafanue: kimo kutoka mstari wa kati.

Kwa fezi tunalo "awamu", lile lile la serikali ya awamu ya pili. Kwa shifti, sipendi "mhamo wa awamu", napendelea "msogeo". Abiria wa matatu anayeambiwa "sogea kidogo" hapungui urefu wala unene, hubadilisha mahali tu. Wimbi nalo ni hivyo hivyo.

Sasa tazama y = 3 sin (2x + 60°). Amplitudo ni 3, na kipindi ni 360 gawanya kwa 2, yaani nyuzi 180. Msogeo si 60! Toa 2 nje ya mabano, ubaki na 2(x + 30°): wimbi limesogea nyuzi 30 kushoto. Hapo watakuuliza mbona alama ni ya kujumlisha na wimbi linaenda kushoto. Tumia vitenzi vyetu viwili, kuwahi na kuchelewa. Wimbi la 3 sin 2x hufika kileleni kwenye nyuzi 45. Hili letu limeshafika kwenye nyuzi 15. Limewahi. Ingekuwa kutoa 60, lingechelewa hadi 75.