Kompyuta ya ABS Imekufa, au Imenyimwa Umeme?

SWALI: Gari langu dogo la Kijapani, nililolinunua likiwa limetumika, huwasha taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) kila ninapoendesha usiku huku kiyoyozi na taa kubwa vikifanya kazi, mchana taa hiyo haionekani. Mashine ya kupimia ilitoa misimbo miwili, P0562 na U0121. Fundi anasema kompyuta ya ABS imekufa, ninunue nyingine. Betri haijatimiza miezi mitatu, na asubuhi ilisoma volti 12.6. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue bado. Fundi wako ameusoma msimbo wa pili na kuuruka wa kwanza. P0562 ni kompyuta ya injini inayosema kwamba volti za mfumo zimeshuka. U0121 inasema kwamba kompyuta ya ABS haisikiki kwenye mtandao wa gari. Kompyuta iliyopungukiwa umeme hunyamaza, kwa hiyo yamkini msimbo wa pili umezaliwa na wa kwanza. Kifaa kilichokufa, tena, hakingojei usiku.

Zile volti 12.6 zinathibitisha kwamba betri ilikuwa imejaa, gari likiwa limelala. Hazisemi lolote kuhusu umeme unaofika kwenye kompyuta wakati vifaa vyote vinavuta, na hapo ndipo tatizo lako linapojitokeza. Anza kwa kupima betri wakati wa kupiga stata: isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Kisha, injini ikiunguruma na taa, kiyoyozi na feni vikiwa vimewashwa, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya 13, kagua alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiunguruma) na mkanda unaoizungusha kwanza, ingawa katika baadhi ya magari mapya kompyuta yenyewe hupunguza chaji kwa makusudi.

Kipimo ninachokitegemea zaidi ni cha volti zinazopotea njiani. Vifaa vikiwa bado vimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kishikio chake, na nyingine kwenye injini, halafu kwenye bodi, halafu kwenye pini ya ethi (njia inayorudisha umeme kwenye nguzo hasi) ya kompyuta ya ABS. Kila mahali isome volti 0.2 au pungufu. Rudia hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi pini inayoingiza umeme kwenye kompyuta hiyo.

Mafundi wengi hupima waya wa ethi kwa ohm, yaani upinzani wake kwa umeme, gari likiwa limezimwa, wakaridhika. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu utaonekana mzima kwa kipimo hicho, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Upinzani wa ohm 0.1, ambao mita ya kawaida haiutofautishi na upinzani wa nyaya zake yenyewe, hula volti 4 pale ampea 40 zinapopita. Volti 14 zinakuwa 10, na kwenye kiwango hicho kompyuta nyingi huanza kulalamika. Kwa gari linalolala karibu na bahari, ningeanzia kwenye waya wa ethi unaounganisha injini na bodi: ufungue, usugue kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, ukaze, upake grisi juu yake.

Jambo moja nakuomba ulikatae hata kama fundi ni rafiki yako: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma ili kujaribu alteneta. Volti huruka ghafla, na kompyuta iliyokuwa nzima inaweza kuungua papo hapo.

Ukishatengeneza, futa misimbo na uendeshe usiku katika hali ile ile. Ikiwa U0121 itarudi peke yake, na pini za ABS zinapata umeme kamili, chomoa betri na upime ohm kati ya pini 6 na 14 za soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi. Kwa magari mengi yanayotumia CAN, mtandao wa waya mbili ambao kompyuta za gari huwasiliana kwao, jibu ni ohm 60 hivi, kwa kuwa vizuizi (resista) viwili vya ohm 120 vimeunganishwa sambamba. Ukipata 120, upande mmoja wa mtandao umekatika. Ukipata 60, na waya za mtandao zinafika salama hadi kwenye kompyuta ya ABS, hapo fundi wako ana haki ya kuishuku.