Maegesho, mizigo na sheria zinazobadilika mjini: majibu ya maswali yenu

Kila Julai inapokaribia na mwaka mpya wa fedha wa kaunti yetu ya Mombasa kubisha hodi, barua za maegesho huwa nyingi kuliko za jambo jingine lolote. Mara ada itapanda, mara mtaa fulani utakuwa wa njia moja, mara mahali palipokuwa pa kushushia mizigo pamechorwa mistari ya magari madogo. Nimechagua zinazowagusa wengi na kuzifupisha. Walioniuliza ada ni shilingi ngapi, isomeni kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika, si midomoni mwa watu wa stendi.

Swali: Nina duka la leso Biashara Street, nilirithi kwa marehemu baba. Mbele ya mlango huweka kiti cha plastiki ili watu wasiegeshe. Juzi askari wa kaunti wamekitoa na kunionya. Kwani mbele ya duka langu si kwangu? (Mwenye duka, Mvita)

Si kwako, ndugu yangu. Kodi unayolipa inaishia kizingitini. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 62, inazihesabu barabara zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma, na hapo hakuna urithi wa baba wala wa babu. Kiti, debe la mchanga, jiwe lililopakwa chokaa, vyote ni kunyakua barabara, japo kwa adabu.

Lakini nina swali langu. Kiti kinapoondolewa, ni gari la nani linaloingia? Nimezunguka mtaa huo vya kutosha kujua kwamba mara nyingi ni la mwenye duka mwenyewe, na linalala hapo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nafasi moja, saa kumi, gari moja. Nafasi hiyo hiyo ikitumiwa na wateja wa nusu saa nusu saa, ni magari ishirini. Wewe unalalamika biashara imelala, na mteja aliyetoka Bamburi amezunguka mara tatu, akakosa pa kusimama, akaenda kununua kwenye duka kubwa lenye uwanja wa magari. Egesha mbali utembee. Mteja hatatembea.

Swali: Mimi ni dereva wa kenta, lori dogo la mizigo, naleta vitunguu soko la Marikiti. Mahali tulipokuwa tukishushia miaka yote, ghafla wanatufunga minyororo magurudumuni. Hakuna aliyetuambia. Sheria inaweza kubadilika usiku mmoja hivi? (Dereva wa mizigo, Changamwe)

Hapa kuna mambo mawili ambayo hata askari wenyewe huyachanganya: kuna ada, na kuna mpangilio.

Ada haibadiliki usiku mmoja. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya usafiri wa kaunti, ikiwemo trafiki na maegesho, kwa hivyo mamlaka wanayo. Lakini pesa wanazokutoza lazima ziwe na sheria nyuma yake, na kwa kawaida sheria hiyo ni ya Fedha, inayopitia bunge la kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalipa bunge hilo siku 90, tangu lipitishe mswada wa matumizi, kuujadili na kuupitisha Mswada wa Fedha. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Ukishapita na gavana akatia saini, huchapishwa kwenye gazeti rasmi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema sheria ya kaunti huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Kwa hivyo anayekuambia “kuanzia leo ni bei mpya, bosi amesema”, muulize bosi wake amechapisha wapi.

Mpangilio ni jambo jingine: mtaa upi, saa ngapi, gari la ukubwa gani, upande gani wa barabara. Huo idara ya uchukuzi inaweza kuupanga upya bila kurudi bungeni kila mara, mradi iwe na sheria ya kaunti inayoipa nguvu hiyo. Na hapa ndipo mnapoonewa. Agizo hutolewa kwenye kikao, labda likapita redioni mara mbili, halafu dereva anayetoka Taveta na mzigo anategemewa alijue kwa ndoto. Agizo la maegesho lisiloonekana kwenye nguzo au kwenye lami, kwa dereva ni uvumi tu. Bango kwanza, mstari uchorwe, wiki mbili za kuonywa kwa mdomo, ndipo minyororo. Hivyo ndivyo ningepanga mimi, na sioni ugumu wake.

Hata hivyo siwezi kuwatetea kwa kila kitu. Nenda Marikiti alfajiri, kabla maduka ya viungo hayajafunguliwa. Kenta imepanda ukingo kwa magurudumu mawili, taa za hatari zinawaka, turubai limekunjwa nusu, na hamali ameinama na gunia mgongoni akisubiri tuktuk ipite. Dereva hajazima injini. Ikifika saa moja na nusu ishaondoka na hakuna aliyeudhika. Kenta hiyo hiyo ikiingia saa nne, Digo Road inapiga honi kuanzia sokoni hadi Posta. Kwa hivyo mkienda kudai, msidai mahali tu. Daini saa. Mkiomba sehemu ya mizigo iwe yenu tangu alfajiri hadi saa tatu, kisha iwe ya wanunuzi mpaka jioni, ni vigumu afisa kuwakatalia, kwa sababu hamumnyang'anyi mtu kitu.

Swali: Kupakua ni dakika ngapi? Nilishusha katoni, nikaingia hotelini kupata chai na mahamri, kutoka nje nimefungwa. (Mwenye pikapu, Kisauni)

Kupakua ni wakati mzigo unatembea. Mahamri si mzigo.

Soma bango, kama lina dakika zifuate. Pasipo na bango la dakika, jipimie kwa akili: katoni tano hazihitaji saa nzima. London, kwenye barabara kuu za mistari myekundu, ya kukataza kusimama, sehemu nyingi za mizigo huruhusu dakika 20 tu, na madereva wa huko wamezoea. Kinachokuokoa ni kuwa na mtu anayekungoja dukani, mlango uko wazi na karatasi za mzigo zimeshatiwa saini. Ukimkuta mwenye duka ameenda kuswali, zunguka urudi.

Swali: Gari langu limefungwa mnyororo mtaa wa nyuma ya Moi Avenue. Hapana bango, hapana mstari. Nifanye nini wakati huo huo? (Mama wa watoto watatu, Likoni)

Pole, mama. Kwanza usigombane, na usijaribu kuukata mnyororo hata ukipata fundi wa kukusaidia. Kuharibu kifaa cha kaunti ni kesi nyingine, mbaya kuliko hii. Toa simu. Piga picha ya gari na gurudumu lililofungwa, kisha rudi nyuma upige mtaa mzima ili ionekane kwamba hakuna nguzo wala mchoro. Piga na mlango wa duka lililo karibu, liwe alama ya mahali.

Kisha lipa, kwa sababu una watoto wa kuchukua shule na feri ya kuwahi. Lakini lipa kwa njia rasmi ya kaunti inayotoa stakabadhi yenye namba ya gari lako. Ukiambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu, hiyo si faini, ni kitoweo cha jioni cha mtu fulani. Kataa, na omba aje msimamizi.

Vita vyenyewe ni vya kesho yake, na ni vya karatasi. Katiba, Kifungu cha 47, inasema mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku zisizozidi 21 kujibu ombi la habari. Andika barua fupi, usilie sana ndani yake, uliza hivi tu: ni sheria gani, ya tarehe gani, inayokataza kuegesha mtaa huu, na bango liliwekwa lini? Ambatisha picha. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye swali moja hujibiwa. Ya kurasa nne hulala kwenye faili.

Swali: Shikamoo. Sisi wa mikokoteni kila sheria ikibadilika tunafukuzwa. Magari yana mistari yao, bodaboda wana vituo, sisi tuwekwe wapi? (Hamali, Mwembe Tayari)

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu ni la haki.

Wanaopanga barabara huhesabu injini. Kisichonguruma hawakioni. Ilhali kuna vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo hakuna lori litakaloingia hata likikunja vioo. Kreti ya soda, godoro la bi harusi, gunia la mchele la shughuli ya arubaini, vyote vinafika kwa mkokoteni. Lori likishusha barabarani na mkokoteni usiwe na pa kungojea, mzigo unabaki juu ya lami, na hapo ndipo msongamano unapoanza. Ukiwafukuza mahamali, lori linachelewa kuondoka. Ni hesabu ya wazi, lakini anayepanga akiwa ofisini haioni.

Sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Huhitaji wakili. Kaeni mkiwa kikundi, mtafute kijana aliyesoma awaandikie nusu ukurasa, mtaje mahali hasa, kwa mfano nafasi ya mikokoteni mitano mwanzo wa njia ya Langoni, na saa mnazozitaka. Kila mmoja aandike jina na kutia saini, asiyejua kuandika atie dole. Mpelekeeni na mwakilishi wadi wenu nakala, mkononi mwake, mchana watu wakiona. Siku ya kikao cha maoni msiende kupiga kelele tu mrudi. Kilichosemwa kwa mdomo hupotea na upepo wa bahari. Hakikisheni karatasi imeingia mezani.

Swali: Kwa nini kaunti isimpe mwekezaji maegesho yote akaweka mitambo ya kisasa? Hela zingeacha kupotea. (Mhasibu, Nyali)

Mitambo sawa. Kumpa mtu barabara ndiko kunakonitia hofu.

Desemba 2008 jiji la Chicago, Marekani, lilikodisha mita zake za maegesho zipatazo 36,000 kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, likapokea dola bilioni 1.15 na ushei kwa mkupuo. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji alikadiria kwamba mali hiyo ilistahili karibu dola bilioni moja zaidi. Ada zilipanda, wakazi wakakasirika, lakini uchungu wenyewe uko kwingine: jiji likitaka kuondoa nafasi za maegesho, liweke kituo cha basi au sehemu ya mizigo, huenda likalazimika kumfidia mwekezaji mapato atakayokosa. Yaani wamekodi barabara yao wenyewe, na kila wakitaka kuibadilisha wanalipishwa.

Sasa mfikirie yule dereva wa kenta na yule hamali hapo juu. Ombi lao lingepelekwa kwa nani? Kaunti ikitaka kampuni ya kukusanya pesa, iilipe kwa kazi ya kukusanya, mkataba uwe wa miaka michache, na uamuzi wa mtaa upi uwe wa nini ubaki mikononi mwa waliochaguliwa. Wewe mhasibu utakuwa wa kwanza kuniambia kwamba pesa za mkupuo huliwa na waliopo, na deni hubaki kwa watakaokuja.

Swali: Kando ya barabara ya Malindi kuna malori yanalala usiku. Nimeripoti kaunti wameniambia si yao. Wananikwepa? (Mkazi, Kisauni)

Safari hii hawakukwepi. Barabara kuu za kitaifa, kama ile ya kwenda Malindi, ya Nairobi na ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Andikia huko, na gari linaloziba njia mwambie polisi wa trafiki.

Swali: Ijumaa mtaa wetu unafungwa na magari ya waumini, hata mgonjwa hatoki. Kusema naona haya, mimi mwenyewe ni Muislamu. (Jirani wa msikiti, Majengo)

Usione haya. Sheria ya barabara haina saa ya msamaha kwa ajili ya ibada, iwe Ijumaa mchana au Jumapili asubuhi, na kumziba jirani njia si jambo analoweza kulitetea imamu yeyote. Lakini usianze na askari. Nenda kwa kamati ya msikiti siku ya katikati ya wiki, si Ijumaa yenyewe watu wakiwa na haraka. Waombe vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa wasimame mwanzo wa mtaa, magari yapangwe upande mmoja tu, na kila dereva aache nambari yake ya simu kwenye kioo cha mbele. Mwenye gari kubwa aliache nje ya mtaa atembee. Na upande wa pili upimwe kwa upana wa ambulensi, si wa gari dogo kama Probox.