Anza na Kiitaliano
Mdogo wangu, umeuliza katika sataranji ufuate ufunguzi gani, yaani mpango wa hatua za mwanzo, ukishasukuma askari wa mfalme e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake). Mimi nasema ule uitwao Kiitaliano. Mpinzani akijibu e5, toa farasi f3. Akitoa wake c6, weka askofu c4. Hapo unaikodolea macho f7, nyumba ambayo mwanzoni inalindwa na mfalme peke yake. Halafu mfiche mfalme wako mapema.

Malkia mwache kwanza! Juzi barazani Malindi kijana kamtoa h5 hatua ya pili. Mwenzake akalinda e5 kwa farasi c6. Askofu wa kijana alipofika c4, mwenzake akasukuma askari g6 kumfukuza malkia. Malkia akarudi f3, farasi wa pili wa mwenzake akatoka f6. Malkia kahangaika bure, na farasi wote wawili wa kijana bado wamelala.