Aloha Airlines ilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliacha picha aliyoikata gazetini mwaka 1988: ndege ya Aloha Airlines ya Hawaii, paa limeng'oka, abiria wamekaa juani. Shirika hilo silisikii tena. Ajali ile ndiyo iliyoliua?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha hiyo hata sisi karakana tuliibandika ukutani. Ile Boeing 737 ilikuwa imeruka zaidi ya mara 89,000, safari fupifupi za kisiwa hadi kisiwa. Kila ikipaa, mwili wake hutuna kwa hewa ya ndani, ikishuka, hunywea. Bati huchoka kama waya unaoukunja na kuukunjua. Kati ya watu 95 alikufa mhudumu mmoja, na marubani wakaitua kisiwani Maui. Mpaka leo nawavulia kofia.

Lakini shirika liliishi miaka 20 zaidi. Lilianza 1946 kwa jina la Trans-Pacific Airlines. Kilicholiua ni hesabu. Lilikwisha kuomba kinga ya mufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaolidai, 2004; mwaka 2006 ikaingia go!, ndege za kampuni ya Mesa kutoka Marekani bara, ikiuza tiketi kwa dola 39. Mafuta nayo yakapanda. Nani angepona hapo? Tarehe 31 Machi 2008 abiria wa mwisho walishuka, na wafanyakazi kama 1,900 wakakosa kazi.

Hiyo go! nayo ilifungasha virago 2014. Jina la Aloha bado lipo, kwenye ndege za mizigo.